Programu ya kutambua sarafu: jina inapatia, bei inabahatisha

Kwa kutaja jina, programu hii ya simu ni hodari. Unapiga picha upande wenye sura, unageuza, unapiga upande wa pili, na papo hapo inakutajia nchi, mwaka na madini. Hata maandishi yaliyolika inayasoma, mradi mwanga utokee ubavuni. Ukiwasha taa ya kamera, fedha inameremeta na herufi zinapotea.

Kwenye bei ndipo inapoanza kuota. Niliipa thaler ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ikajibu: Austria, fedha, 1780, na chini yake thamani ya kumtoa mtu roho. Haya, Maria Theresa alifariki mwaka huohuo wa 1780, na tangu hapo thaler zake zimeendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile, Vienna, London, Bombay na kwingineko. Tarehe hapo haisemi kitu kuhusu umri. Wajuzi hutazama manyoya ya mkia wa tai na lulu za bruchi (pini ya pambo) begani, mambo ambayo programu haiyagusi kabisa.

Wala haijui uzito. Thaler halisi ina gramu 28 na ushei, na ukingoni imezungukwa na maneno ya Kilatini, JUSTITIA ET CLEMENTIA, kwa herufi zilizoinuka. Bandia nyingi huumbuka hapohapo, ila picha za nyuso mbili hazionyeshi ukingo. Mizani ndogo ya kidijitali na lenzi ya kukuza mara 10 zinanifaa zaidi.

Kilichoniudhi hasa ni ukurasa wao wa usafi: eti paka siki na magadi, sugua taratibu. Jamani! Sarafu iliyosuguliwa huacha mikwaruzo myembamba ambayo mnunuzi makini anaiona mara moja, na bei inaporomoka. Ishike kwa ukingo, iache na weusi wake. Ihifadhi kwenye kifuko cha Mylar (plastiki angavu isiyo na PVC) au kibweta cha akriliki. Plastiki laini ya PVC huacha utando wa kijani unaonata na kuila sarafu.

Naipa nyota 3 kati ya 5, zote za utambuzi. Bei naitafuta kwenye matokeo ya minada, ya sarafu ya aina ileile na hali ileile ambayo kweli ilipata mnunuzi. Zile zilizotangazwa tu, kila mtu hujipangia anavyotaka.