Chekechea Lamu: mwalimu mwanagenzi au aliyehitimu?

Kwa mshahara, mwanagenzi ni nafuu. Hapo hakuna ubishi. Lakini hesabu pia saa za mwalimu atakayemwelekeza, maana watoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea), wa miaka 4, hawaachiwi mtu ambaye mwenyewe bado anafunzwa.

Kutegemeka? Aliyehitimu anajua kupanga somo na kumtuliza anayemlilia mamake, ila kaunti, yenye jukumu la chekechea tangu Katiba ya 2010, ikitangaza nafasi, huenda akakuaga. Mwanagenzi naye hukuacha wakati wa mitihani ya chuo. Kwa nyimbo na michezo mipya, mimi nampa ushindi mwanagenzi.

Una darasa moja tu pale Shela? Tafuta aliyehitimu. Una walimu wawili wazoefu? Mwongeze mwanagenzi.