Mashine ya chakula ya Ngamiani, mwaka 2045: bada imeiweza, kitumbua kinadai muda

Tuseme tumeshafika 2045. Karibu na soko la Mgandini, Tanga, kuna kibanda chenye mashine ya ukubwa wa friji ndogo: unagusa kioo, unachagua, sahani inatoka. Mashine hiyo bado haipo, ila vipande vyake vipo. Mwaka 2013 NASA ililipa kampuni moja ya Texas dola 125,000 ichunguze namna ya kuchapa chakula cha wanaanga kwa printa ya 3D, tabaka juu ya tabaka, na mfano uliozungumzwa zaidi ulikuwa pizza. Singapore nako kumeshabuniwa mashine ya jikoni inayopima unga, maji na mafuta, ikakanda na kuoka chapati moja kwa takriban dakika moja na nusu. Hapa tunaipima ile ya 2045 kwa tabia za wanga, tui na moto, ambazo zitakuwa zilezile.

Mashine za namna hii zinapenda rojo. Chochote kinachopita kwenye mrija zinakiweza. Chenye mifupa na nyuzinyuzi kinazishinda. Ndiyo maana Tanga inazifaa kuliko huko zilikobuniwa: bada (ugali wa muhogo), vitumbua, vibibi, mkate wa kumimina na chapati za maji vyote huanza na unga uliolowa.

Bada ndiyo sababu ya kuinunua. Kwa sahani moja inachukua gramu 200 za unga wa muhogo na mililita 500 za maji. Theluthi ya maji inakoroga unga ukiwa baridi, iliyobaki inachemshwa pembeni, ndipo vinakutanishwa. Unga mkavu ukimwagwa wote kwenye maji yanayochemka, wanga wa nje unaiva upesi na kuufungia ule wa ndani ukiwa mbichi, na hayo ndiyo madonge. Wanga wa muhogo huanza kuvimba kwenye nyuzijoto 60 hadi 70, kwa hiyo mwiko wa mashine upunguze kasi kuanzia hapo. Ukiendelea kupiga kwa nguvu, bada inavutika na kunata mkononi. Mota inapima ugumu wa kusonga, na ugumu ukitulia inazima. Umeme wa sahani hiyo hauzidi sana uniti 0.07, yaani uniti moja ya LUKU inasonga sahani kumi na nne hivi. Mkaa hauwezi kushindana na hesabu hiyo.

Tahadhari moja: mashine haisafishi muhogo mchungu. Sumu yake hutolewa kabla, kwa kuukuna au kuuloweka na kuuchachusha, kisha kuuanika vizuri. Kusonga kwa dakika chache hakutoshi. Unga usiojulikana ulikotoka usitiwe kwenye tanki, hata kama kioo kimeandika kwamba kila kitu ni salama.

Kitumbua ndicho kinachoifedhehesha ahadi ya papo hapo. Mchele gramu 500 uliolowekwa usiku kucha, tui zito mililita 400, sukari gramu 150, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki: hapo unapata vitumbua 30 vya gramu 40. Kusaga, kumimina kwenye vishimo vya chuma na kugeuza, mashine inafanya bila kosa. Lakini hamira inataka karibu saa moja kwenye joto la Tanga, na hakuna kitufe cha kuiharakisha. Wauzaji watakushawishi utumie beking pauda. Vitavimba, ndiyo, ila ule uchachu mwembamba hutaupata, na mla vitumbua wa Ngamiani atajua kwenye tonge la kwanza. Dawa ni matanki mawili: moja linaumuka wakati la pili linachoma, na mteja anaagiza kwa simu kabla ya kutoka nyumbani. Rojo likikaa saa tatu na zaidi bila ubaridi, gesi inajaa mrijani, pampu inakohoa, na kitumbua kimoja kinatoka na gramu 50 huku jirani yake ana 25.

Kuziba nako kuna sababu yake. Mdomo wa milimita 4 hauzibwi na chembe moja ya mchele. Chembe tatu nne zikifika pamoja zinashikana na kufunga njia. Chujio la milimita 1 kabla ya pampu linamaliza tatizo. Wakati wa kuosha, anza na maji baridi, maana maji ya moto yanaupika wanga uliobaki mrijani ukawa gundi. Ukishatoka wote, ndipo upitishe maji ya nyuzijoto 80 kwa ajili ya mafuta ya nazi. Rojo la mchele lililobaki lilale chini ya nyuzijoto 5, au litupwe.

Mbaazi za nazi zinatoka vizuri, mradi tui liingie mwisho na moto usipande juu ya nyuzijoto 80. Likiachwa lichemke bila kukorogwa linakatika, mafuta yanaelea juu, na mashine haina akili ya kuona aibu.

Samaki wa kupaka usiagize hapo. Rojo la ukwaju, pilipili na nazi inalichanganya barabara, lakini ngozi ya samaki inataka makaa. Mwenye kibanda mwerevu atanunua rojo mashineni na kumwachia mchomaji kazi yake.

Sauti ya mashine inahitaji kurekebishwa pia. Kumwambia kila anayefika “mambo” ni utovu wa adabu. Kwa mzee ianze na shikamoo, au inyamaze.

Inamfaa mama anayeuza asubuhi na jioni kuliko familia ya watu wanne, ambayo itakuwa inaosha mirija zaidi ya kula. Kabla ya kulipa, hakikisha vipimo vya mapishi vinabadilishwa na mwenye mashine bila kulipia ruhusa kila mwezi, stebilaiza imo, na vyuma vinavyogusa chakula ni stenlesi, kwa sababu hewa ya chumvi haisamehi. Oringi za pampu, yaani pete za mpira za kuzuia mvujo, na mdomo wa akiba vipatikane hapahapa mjini. Vikiwa vinaagizwa nje, oringi moja itafunga kibanda mwezi mzima.