Ziara ya magofu ya Kilwa Kisiwani: mwombe mwongozaji akuoneshe maji, vyombo na nyumba

Ziara ya Kilwa Kisiwani inastahili kila shilingi inayolipiwa, na ninaipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote anayetaka kufahamu jinsi dola-mji ya Waswahili ilivyoishi. Ubora wake, hata hivyo, unategemea sana mwongozaji utakayempata, kwa kuwa magofu haya hayana vyombo wala samani za kujieleza zenyewe. Akikutajia masultani tu utarudi na majina. Akikueleza watu walivyotawadha, walivyohifadhi bidhaa na walivyopokea wageni, mji mzima utakuinukia mbele ya macho.

Utaratibu ni mwepesi. Kibali hulipiwa Kilwa Masoko, mji ulio bara ng'ambo ya kisiwa, mwongozaji hupatikana huko huko, na mashua huvuka mkono wa bahari hadi karibu na Gereza. Ngome hiyo ilianzishwa na Wareno baada ya kuuteka mji mwaka 1505, na Waomani wakaijenga upya muda mrefu baadaye. Ni jengo zuri, lakini ningeshauri usikae hapo sana, maana linasimulia zaidi habari za waliokuja kuutawala mji kuliko za wenyeji waliokuwa wameujenga.

Muda wako uuweke katika Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe, nayo ni ndogo. Ile ya kusini, yenye kuba na matao, iliongezwa mji ulipotajirika, ikaanguka, kisha ikajengwa upya katika karne ya 15 juu ya nguzo za pande nane. Sogea karibu na mihrabu uyatazame mawe yake. Ni matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi na laini, yakachongwa kwa ukingo mkali, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu, huku chokaa ya kuyaunganishia ikipatikana kwa kuchoma matumbawe mengine juu ya kuni. Msikiti mdogo wa kuba ulio jirani nao usipitwe: darini mlipachikwa mabakuli yaliyotiwa rangi ya kung'aa, na pale yalipobanduka yamebaki mashimo ya duara. Vyombo vilivyovuka bahari kwa gharama viligeuzwa pambo la nyumba ya ibada, na kwangu jambo hilo linaeleza fahari ya mji huu kuliko maelezo marefu ya biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Jumba hili la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, lina vyumba zaidi ya 100, ua mpana unaodhaniwa kuwa wa kuhifadhia bidhaa, na birika la pande nane. Simama ukingoni mwa birika hilo umuulize mwongozaji ni nani aliyekuwa akilijaza maji. Swali hilo ni la haki, kwa sababu Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu sultani huyo kwa ukarimu, na katika kisa chake cha fakiri wa Kiyemeni aliyepewa nguo za sultani, watu watumwa nao wanatolewa zawadi pamoja na pembe za ndovu. Mwongozaji anayekisimulia kisa hicho chote, bila kukipunguza, anawatendea haki hata wale ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Upungufu mmoja haukwepeki. Ibn Battuta aliandika kwamba mji ulijengwa kwa miti na kuezekwa kwa majani, kwa hiyo nyumba za watu wengi zimeoza na kupotea, na mgeni anayeona mawe peke yake huondoka akidhani kila mtu aliishi kama sultani. Mwongozaji makini huliziba pengo hilo kwa kueleza vilivyofukuliwa ardhini: shanga, vigae vilivyotobolewa kusokotea nyuzi za pamba, vipande vya kauri za China, na sarafu ndogo za shaba ambazo maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Ni vyema kupita kwanza Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ambako vitu vya namna hii kutoka Kilwa vimehifadhiwa.

Ondokeni asubuhi na mapema, mchukue maji ya kutosha na viatu vya kutembelea, na mkubaliane na nahodha tangu mwanzo kama atawafikisha Husuni Kubwa kwa mashua, jambo linalotegemea maji kujaa. Mwenye siku ya pili aende kisiwa jirani cha Songo Mnara, ambako nyumba za mawe za karne ya 15 zimesalia vizuri zaidi, na mtu anaweza kushuka ngazi hadi uani, akaona mabaraza ya wageni na vyumba vya ndani walimolala wenye nyumba.