Wabunifu wasio na majina makubwa: uzoefu wangu wa wiki ya mitindo Arusha

Kwa yeyote anayefikiria kulipa kiingilio cha wiki ya mitindo ya msimu wa baridi hapa Arusha, ushauri wangu ni kwamba achukue tiketi ya mchana badala ya ile ya usiku, na aende na fedha ya kutosha kununua walau vazi moja. Usiku hupita wabunifu ambao majina yao tayari yako midomoni mwa watu. Kazi zao ni nzuri kwelikweli, lakini nguo hizo mtu huziona mwaka mzima kwenye picha na madukani mwao. Mchana wanapewa nafasi wale ambao wengi wetu hatujapata kuwasikia: fundi mwenye chumba kimoja eneo la Sakina hapa mjini, kijana wa Monduli anayeshona kwa oda, mama wa Moshi anayetengeneza batiki uani kwake. Hao ndio walionifanya niandike maoni haya, kwa sababu naamini kwamba thamani yote ya shughuli ile iko mikononi mwao.

Kuna jambo moja ambalo maonyesho haya yamelipatia kuliko hata maonyesho makubwa ya nje. Huko Paris, Milan, London na New York nguo huonyeshwa takriban nusu mwaka kabla ya kuvaliwa, zile za baridi mwezi Februari na Machi, na zile za joto Septemba na Oktoba, ili wenye maduka wapate muda wa kuagiza na viwanda vipate muda wa kushona. Wabunifu wetu wadogo hawana kiwanda wala mwenye duka wa kuwaagizia mzigo. Mteja wao ni mtu aliyesimama mbele ya meza, naye anataka nguo ya kuvaa wiki ijayo. Kwa hiyo maonyesho ya mwanzoni mwa Juni huleta nguo za Juni. Mkazi wa Arusha anajua uzito wa jambo hilo. Mji huu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi zake huwa na mawingu mazito na baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, ilhali mishono mingi ya vitenge tunayoiga imebuniwa kwa ajili ya joto la Dar es Salaam. Matokeo yake tunavaa gauni zuri, kisha tunalifunika kwa sweta la mtumba kutoka soko la Kilombero hapa mjini.

Vazi lililonisimamisha lilikuwa koti fupi la kitenge cha buluu na manjano, kazi ya yule fundi wa Sakina. Jukwaani lilipita kwa sekunde chache tu na sikuona ajabu yake. Nilipolishika mezani ndipo nilipoelewa. Kitenge huwa na maua makubwa yanayojirudia, na fundi anayebania kitambaa hukata vipande popote panapomtosha, ndiyo maana mara nyingi ua huvunjika kwenye mshono wa mgongo na nusu yake kuishia kwapani. Katika koti hili ua lilivuka mshono wa mgongo bila kukatika, likapita juu ya mfuko kana kwamba mfuko haupo, na kola ilikuwa imekatwa ikifuata ukingo wa jani. Niliomba ruhusa ya kuligeuza ndani nje. Ndani palikuwa na bitana ya flana nyepesi ya kijivu, imeshikizwa kwa mkono kwenye pindo ili isivute kitambaa cha juu, na ubavuni iliachwa akiba ya karibu sentimita tatu kwa ajili ya mwenye koti kama atanenepa. Nilipomuuliza kwa nini bei yake imezidi ya wenzake, alinijibu kwa utulivu: “Dada, koti hili linakula yadi nne badala ya tatu. Napanga maua kwanza, ndipo nakata.”

Nililipa Sh 85,000. Najua wapo watakaosema kwamba kwa fedha hiyo mtu hupata makoti kadhaa ya mtumba sokoni Mbauda na chenji ikabaki, na ni kweli. Lakini nimelivaa msimu mzima, nimelifua kwa mkono na kulianika kivulini, na mpaka sasa rangi haijachuja, bitana haijajikunja wala kifungo hakijalegea. Kwa mshono wa namna ile, naiona bei hiyo kuwa ya haki, na pengine ni ndogo kuliko jasho lililotumika.

Batiki za mama wa Moshi zilinipa furaha na mashaka kwa pamoja. Anapiga nta ya moto kwa muhuri wa mti aliouchonga mwenyewe wenye umbo la jani la mgomba, anatumbukiza kitambaa kwenye rangi, kisha anakichemsha ili nta itoke, na mistari myembamba inayobaki pale nta ilipopasuka ndiyo inayoonyesha kwamba kazi ni ya mkono na haikuchapwa kiwandani. Wakati wa kununua batiki mimi husugua kitambaa cheupe kilicholowa juu yake. Ile ya kijani na ile ya kahawia zilitoka safi kabisa. Nyekundu iliyokolea iliacha alama, naye mwenyewe alikiri bila kusitasita kwamba bado ilihitaji kusuuzwa zaidi, na akaitoa mezani. Uaminifu huo ulinigusa sana. Tatizo liko kwenye mshono, kwa kuwa magauni yake yote yamekatwa moja kwa moja kama mfuko, na batiki ile inastahili mkataji bora. Laiti waandaaji wangemkutanisha na fundi wa Sakina, ingezaliwa kazi ya kushangaza. Nilinunua kitambaa, gauni nikaliacha.

Kijana wa Monduli alileta makoti marefu ya shuka ya Kimasai yenye ushanga kwenye mikono. Ushanga wake ni imara, kwani amefunga fundo kila baada ya shanga chache, hivyo uzi ukikatika haumwagiki wote. Hata hivyo shuka aliyoitumia ilikuwa ya akriliki, na koti halikuwa na bitana. Lilianza kuniwasha shingoni nikiwa bado nalijaribu.

Sasa niwaambie waandaaji yale wanayopaswa kurekebisha, maana nayasema kwa kuwa naipenda shughuli hii. Kijitabu cha ratiba kilichapa picha na majina ya wabunifu wa usiku mmoja mmoja, lakini wale wa mchana walikusanywa wote chini ya maneno mawili: wabunifu chipukizi. Mshereheshaji alitaja wadhamini mara nyingi kuliko alivyowataja wenye nguo. Kulikuwa na suruali moja ya kitani yenye marinda mapana iliyopita mapema, kabla watu hawajajaa, na mpaka leo sijapata kumjua aliyeishona, ingawa nimeulizia kila mahali. Hakukuwa pia na chumba cha kujaribia nguo wala kioo cha maana, jambo linalomuumiza zaidi mbunifu mdogo, ambaye hana duka la kumwalika mteja arudi kesho. Mfano mzuri upo hapahapa nchini: Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali jijini Dar es Salaam mwaka 2008, imewapa wabunifu wachanga shindano lao wenyewe, na mtu akishashindanishwa lazima jina lake litangazwe.

Ningependa pia kuona vitambaa vya nyumbani vikipewa nafasi zaidi. Arusha ina viwanda vya nguo vya Sunflag na A to Z, na pamba yetu inalimwa Simiyu na Shinyanga, lakini vitenge vingi nilivyovishika mezani vilikuwa vimetoka ng'ambo.

Kwa wanaotaka nguo za Desemba, wakati Wachaga wanaporudi Kilimanjaro na kila wikiendi kuna harusi au ubarikio, yaani kipaimara cha Walutheri, wafahamu kwamba mafundi hawa wanafanya kazi peke yao au na msaidizi mmoja, na oda hujaa haraka. Fundi wa Sakina hupokea oda za Desemba mpaka katikati ya Oktoba. Nusu ya malipo hutolewa siku ya kupimwa, nusu nyingine siku ya kujaribu, na mteja anaruhusiwa kuleta kitambaa chake. Mimi nimeshampelekea ile batiki ya kijani anishonee gauni la mikono mirefu kwa ajili ya ubarikio wa mtoto wa dada yangu huko Marangu, na tumekubaliana nikalijaribu Novemba.