Kisanduku cha pedali si kibaya. Garaji iliyoniuzia ndiyo sirudi tena

Nianze na kisanduku chenyewe, kile kidogo cha umeme kinachofungwa kwenye pedali ya kuongeza mwendo (akseleratere), kabla hasira haijanipanda. Kinafanya kazi yake: ukigusa akseleratere kidogo, gari linaitika zaidi ya ulivyogusa. Kama ningekuwa nimekwenda kununua kisanduku, ningekipa nyota tatu na kuendelea na maisha yangu.

Lakini sikwenda kununua kisanduku. Nilikwenda garaji, hapa hapa Bukavu, kwa sababu jipu langu la mazutu (dizeli), la vitesi (gia) vya mkono, lilikuwa limeanza uzito. Unakanyaga, unasubiri, unasubiri tena, ndipo linavuta. Ukiwa kwenye mlima wa Kadutu na teksi nyuma yako inapiga honi, kusubiri huko si mchezo. Na tangu nashuka garini nilisema, mbele ya watu wote: kuna mluzi. Nikivuta vitesi ya pili au ya tatu, nasikia fiii huko mbele, na gari likiwa tupu mluzi unapungua.

Patroni, mwenye garaji, hakufungua hata kapo (boneti). Aliingia, akawasha, akakanyaga mara mbili gari likiwa limesimama, akazima.

"Mama, motokari haina shida. Ni muguu yako ndiyo inaogopa."

Vijana waliokuwa wamekalia matairi wakacheka. Akaona haitoshi, akaongeza: "Bwana yako iko wapi? Aje yeye, tutaelewana."

Mguu wangu unaogopa! Mimi ninayeshuka mteremko wa Ngomo kwenda Uvira na kupanda tena na magunia nyuma, kwenye barabara ambayo lori mbili zikikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume na bonde liko palepale ubavuni. Wengi wenye haraka wanapitia Rwanda kwenye lami. Mimi napita Ngomo. Aje anionyeshe mguu wake.

Kisha akaleta habari ya hewa. Eti Bukavu iko juu, hewa ni nyepesi, moteri zote huku zinachoka. Kweli, ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya bahari, na moteri isiyo na turbo (pampu inayoisukumia hewa) inausikia urefu huo. Langu lina turbo, na limepanda milima hii miaka yote bila kulalamika. Isitoshe, Uvira kwenye ziwa Tanganyika iko chini kwa karibu mita 700, na huko kwenye tambarare lilikuwa linachelewa vilevile. Nikamwambia hivyo. Basi akasema ni ambrayaji (klachi). Jamani, ambrayaji ikiteleza, moteri inalia, mshale wa mizunguko unaruka, gari linabaki nyuma. Langu lilikuwa kinyume kabisa: mshale wenyewe ulipanda kwa uvivu, na mwendo ukiufuata sawasawa. Hata kijana anayeosha magari Nyawera analijua hilo. Jibu lake: "Aa, mama anajua kuliko fundi."

Ndipo kisanduku kikatoka kabatini. Dola 180 pamoja na kukifunga, na kesho yake nilikuwa na mzigo unaningoja, na hakuna kijana aliyekuwa tayari kugusa kitu kingine chochote kwenye gari lile.

Wengi wanadhani kinaongeza nguvu. Hakiongezi. Magari ya siku hizi hayana kamba kati ya pedali na moteri. Pedali inatuma umeme kwa kompyuta, na kisanduku kinakaa katikati kikiidanganya kompyuta kwamba umekanyaga zaidi. Ukikanyaga mpaka chini, kimekwisha, hakina uongo mwingine wa kuongeza. Kwa gari linalokosa hewa, hiyo ni sawa na kumpigia kelele mgonjwa wa pumu akimbie. Kwenye mawe ya Ngomo, vitesi ya kwanza, kila tundu likitikisa mguu gari liliruka mbele, mpaka nikakizima kwa hasira. Na kwenye kona za mwisho kabla ya Nyangezi, pedali chini kabisa, magunia nyuma: fiii.

Nyangezi nilisimama kwa fundi wa malori, mzee mmoja mwenye mikono myeusi mpaka viwiko. Akauliza: "Huo muluzi unaanza ku vitesi ngapi, mama?" Nilitaka kumkumbatia. Akafungua kapo, akapitisha mkono chini ya mpira mnene unaoleta hewa ya turbo kwenye moteri, akautoa mkono umejaa mafuta na vumbi lililogandamana. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini. Gari likisimama bila mzigo, ufa unajifunga. Turbo ikianza kusukuma kweli, unafunguka na hewa inakimbia nje. Ndiyo maana kukanyaga mara mbili kwenye uwanja wa garaji hakukuonyesha kitu. Mpira wa gari lingine, vibano viwili, na bei ambayo nikiitaja hapa nitaanza kupiga kelele upya.

Sasa gari linavuta. Na hapa lazima niseme haki: baada ya mpira, nilikiwasha kisanduku tena kwa hatua ya chini kabisa, na mjini nimekipenda. Magari ya vitesi vya mkono, kompyuta huwa inapunguza ule mguso wa kwanza ili lisiruke unapoachia ambrayaji. Kisanduku kinaondoa upole huo, na kuondoka kwenye mlima kumekuwa rahisi. Labda nyota nne. Nje ya mji nakizima.

Nne kwa kisanduku, nimesema. Kwa garaji, moja, tena kwa sababu hakuna sifuri. Juzi juzi wamenipigia kuniuliza lini nitaleta gari libadilishwe mafuta. Nimewaambia bwana yangu atalileta. Wamsubiri hapo hapo kwenye matairi yao, mimi sijaolewa.