Majengo sita, cheti kipi? Riviu ya WELL, Fitwel na RESET kwa sie tunaosimamia nyumba za watu Dar

Mi nasimamia majengo ya familia moja hapa mjini, mawili yako Posta, moja Upanga, Mikocheni, Mwenge, na lile la Kariakoo ambalo nitalisemea baadae maana lina kesi yake. Mwaka jana mpangaji wetu mkubwa wa Posta, shirika la nje, wakati wa kuhuisha mkataba akauliza jengo lina cheti gani cha afya, yani cha kuonyesha jengo ni salama kwa afya ya wanaokaa humo. Nikampigia Mzee, mwenye majengo. "Mwanangu, cheti cha afya si kile cha mama lishe?" Nikacheka ila kwakweli hata mi nilikuwa sijui zaidi yake.

Basi ndo nikaanza kuzunguka. Konsaltanti wa kwanza (simtaji) alikuja na tai na laptop, akatuwekea majengo yote sita kwenye WELL, mojawapo ya vyeti hivyo, ngazi ya Gold, na hakuwa amepanda hata ghorofa moja. Kwotesheni kwa dola, na ndani yake kuna tiketi za ndege na hoteli ya mtu wa kuja kupima. Mzee akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaweka kikombe cha chai juu yake, mazungumzo yakaishia hapo.

Ila WELL yenyewe si mbaya jamani, tusiichanganye na aliyekuja kuiuza. Ilitoka Marekani 2014, na toleo la pili lina vipengele 10, hewa, maji, chakula, mwanga, mazoezi, joto, sauti, malighafi, akili na jamii. Una masharti ya lazima 24, ukikosa moja tu hata uwe na pointi za kumwaga hupati kitu. Ukishayapita ndo unahesabiwa, 50 Silver, 60 Gold, 80 Platinum. Na kwa mwenye nyumba ambaye eneo kubwa kapangisha kuna WELL Core, ambayo inaanzia Bronze kwa pointi 40, hii yule bwana wa tai hakuitaja kabisa! Kinachoipa heshima ni kwamba wanakuja kupima kweli, hewa, maji, mwanga, kelele, sio kusoma makaratasi tu. Kinachotutoa jasho ni hichohicho.

Nikaazima kimita cha CO2 (ile hewa tunayoitoa tukipumua) kwa jamaa yangu, nikaenda nacho jengo la Mwenge. Chumba cha mikutano, watu tisa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi na honi za Sam Nujoma, AC ya ukutani imewekwa 18 mpaka watu wamevaa masweta. Tunaanza kikao inasoma mia sita na kitu (ppm, yani sehemu kwa kila milioni ya hewa), baada ya saa moja ishagonga 1,900, na kweli nusu ya watu walikuwa wanapiga miayo, nilidhani ni mada yangu. Hewa ya nje huwa karibu na 420. Nikamwita fundi AC, mzee wa siku nyingi, nikamuuliza mbona AC inafanya kazi na hewa iko hivi. Akanitazama kama mtoto. "Dada, hii haileti hewa ya nje. Inavuta ya humuhumu ndani, inaipoza, inawarudishia. Lile bomba linaloenda nje linapitisha gesi tu." Miaka yote niko kwenye hii kazi nilikuwa naamini lile bomba linaleta hewa! Tukafungua madirisha, CO2 ikashuka chapchap, ila ndani ya dakika kumi meza ina vumbi na bodaboda tunawasikia kama wako kwenye kikao.

Hapo ndo nikaelewa kwanini kuweka majengo yote kwenye WELL ni kutupa hela. Hewa safi ya kutosha ni mojawapo ya yale masharti ya lazima. Jengo la split peke yake, yani AC za ukutani kama ile, bila feni za kuingiza hewa, na ndo majengo mengi ya mjini hapa, linafia mlangoni. Na ukifungua madirisha upate hewa unakutana na zile chembe ndogo za vumbi na moshi ziitwazo PM2.5, ambazo WHO tangu 2021 wanataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, sasa pita Ubungo saa kumi na mbili jioni halafu uniambie. Suluhisho ni feni yenye chujio, inawezekana, ila hiyo ni bajeti ya ujenzi sio ya cheti.

Fitwel ndo imenikaa vizuri kwa majengo ya kawaida. Ilianzishwa na taasisi mbili za serikali ya Marekani, CDC ya afya na GSA inayosimamia majengo ya serikali, kisha ikakabidhiwa Center for Active Design. Nyota moja mpaka tatu. Haina ule ukali wa ukikosa moja umekosa yote, unaokota pointi pale unapoweza, na hakuna mtu wa kupanda ndege, unatuma picha, michoro, sera zako, mkaguzi anapitia. Ngazi safi zenye mwanga, maji ya kunywa, chumba cha mama kukamulia maziwa, jengo liko karibu na kituo cha basi au la. La Upanga watu wanatembea kwa miguu mpaka kituo cha mwendokasi, pointi hizo. Ubaya wake ni huohuo, picha haipigi miayo. Unaweza kupata nyota na bado chumba chako cha mikutano kiko 1,900.

Ndo maana RESET sitaki kuiacha. Hii ilitokea Shanghai, na sehemu yake ninayoisemea, RESET Air, inaangalia hewa tu, ila kwa vimita vinavyokaa ukutani siku zote na kutuma data yenyewe. CO2 isizidi 1,000, PM2.5 isizidi 35, na ukitaka daraja la juu 600 na 12. Kwa Dar na umeme wetu na intaneti yetu ujipange na UPS (betri ya akiba), data ikikatika ni shida yako.

EDGE, cheti cha kubana matumizi cha IFC (tawi la Benki ya Dunia), msiichanganye humu, ile inadai uokoe asilimia 20 kwenye umeme, maji na malighafi, ni nzuri lakini ni swali lingine. Kuna mtu ataokoa umeme kwa kuziba kila tundu halafu wapangaji wanasinzia.

Konsaltanti wa pili (mdada mmoja mtulivu, alikuja na raba sio viatu vya kuchongoka, nikajua huyu atapanda ngazi) ndo tulimalizana nae. Alipanda majengo yote siku mbili. La Posta lenye chila (mtambo mmoja wa kupoza jengo zima) na mabomba ya hewa linaenda WELL Core, moja tu, kwa ajili ya yule mpangaji. Posta la pili, Upanga na Mikocheni Fitwel. Mwenge haliombi chochote mpaka feni zifungwe, kwa sasa limepata vimita vitatu tu na wapangaji wameanza kunitumia picha za namba WhatsApp kila saa, najuta kidogo. Vyeti vya WELL na Fitwel vyote vinaishi miaka 3, kwahiyo gharama za kurudia mziweke kwenye bajeti toka mwanzo.

Kariakoo sasa. Mdada alifika ghorofa ya pili akakwama, ngazi zote ni marobota ya vitenge na maboksi ya vyombo, yani kupishana na kuli mpaka mmoja arudi chini. Akaandika neno moja kwenye daftari lake: moto. Hapo sio habari ya nyota tena. Nimewapa wapangaji barua, wamesaini, marobota yatoke Ijumaa. Hii inayokuja itakuwa Ijumaa ya nne.