Bodi ya Z80 ya kuunga mwenyewe: nilikuja kuwaambia msinunue
Walioniuzia kifurushi hiki wana dharau, na nalisema hilo kabla ya lolote. Ni bodi ya kompyuta ya kuunga mwenyewe, ambayo prosesa yake, yaani chipu inayofanya hesabu zote, ni Z80: unaletewa bodi tupu, chipu na soketi zake, unalehemu mguu mmoja mmoja mpaka ipate uhai. Yangu iliwaka. BASIC, ile lugha ya kuandikia programu, ilipojitokeza kwenye skrini nilipiga kelele kwa furaha.

Furaha haikukaa. Programu fupi zilikwenda vizuri, lakini nikiandika ndefu kidogo, mistari ya mwanzo inageuka takataka. Nikawaandikia, na picha za pande zote nikawatumia. Nilingoja sana. Jibu lenyewe sentensi mbili: ulehemu wako mbovu, na kama unataka kompyuta ya maana, nenda kanunue kompyuta.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonichoma. Unauzaje kitu usichokiheshimu? Anayenunua leo Z80, chipu iliyoingia sokoni mwaka 1976 na ambayo Zilog, waundaji wake wenyewe, walitangaza 2024 kuisitisha kama chipu ya kusimama peke yake, anajua fika kwamba simu yake inaizidi nguvu mara nyingi mno. Hakufuata nguvu. Prosesa hii ina nyaya 16 za anwani, yaani za kuchagua mahali kwenye kumbukumbu, ndiyo maana inafikia kilobaiti 64 tu. BASIC nzima inaenea ndani ya kilobaiti 8. Mtu mmoja anaweza kuijua mashine yote, kuanzia umeme unapoingia hadi herufi inapotokea. Hakuna masasisho yanayojipakua usiku, hakuna programu za watu usiowajua zilizorundikana kati yako na chuma. Kitu kikiharibika, kipo mahali, na pale mahali mkono unafika.

Na kwa njia hiyo hiyo nikawakamata. Niliandika namba kwenye anwani 41000, nikasoma anwani 45096, nikaikuta namba hiyo hiyo imekaa. Tofauti ni 4096, yaani 2 kwa kipeo cha 12. Basi ni A12, waya wa anwani nambari 12 ukihesabu kuanzia sifuri! Nikashika multimita, ncha moja mguu wa pili wa prosesa, nyingine mguu wa pili wa chipu ya kumbukumbu. Kimya, yaani hazijaungana. Nikapima ulehemu wangu mguu hadi mguu, mzima kabisa. Kwa kioo cha kukuzia nikaifuata njia ya shaba, na katikati ya bodi, chini ya rangi ya kijani, nikauona ufa mwembamba kama unywele, mahali ambapo sikuwahi kupeleka chuma cha moto. Ule ni ufa wa kiwandani.

Nikaunga kipande cha waya juu yake. Programu ndefu ikaenda mpaka mwisho, bila herufi moja kuharibika. Sikumbuki kompyuta yoyote niliyowahi kuitumia ikinipa raha ya namna ile.

Kwa hiyo nyota moja kwa wauzaji, na hiyo ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri. Picha ya ufa niliwatumia, hadi leo kimya. Lakini bodi? Bodi siwezi kuinyima tano, nimejaribu nimeshindwa. Nunueni, ila kwa muuzaji mwingine mkimpata. Mkikosa, pimeni njia zote 16 za anwani kabla ya kulehemu soketi hata moja.